Akimkosa, Twende Nyumbani

Kuna wanawake huamka siku ya ruracio yao, siku ya kupokea mahari, wakiwaza nywele na rangi ya kucha. Mimi niliamka nikijiuliza kama nitafika.

Utauliza nifike wapi, na nilikuwa nimelala kwa mama yangu hapa Kalimoni, chumba kile kile nilichokulia, kitanda kile kile chenye chaga moja iliyovunjika. Usicheke. Mara ya kwanza pia wageni walikuja nyumba hii hii, na mimi sikufika. Watu wa Mbuvi, mchumba wangu, walitoka Ngoingwa na sukari na unga na kreti za soda, wazee kwa kina mama, kuja kumwona msichana aliyemnyima kijana wao usingizi. Wakapokelewa, wakaketishwa, wakala mukimo, wakanywa chai. Msichana hakuonekana. Msichana alikuwa dukani kwake Ruiru ameinamia gauni la harusi ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimepita dukani asubuhi kumalizia shanga za kifuani. Kidogo tu, halafu niende nyumbani. Simu nikaitia kwenye droo isinisumbue. Nilipoinua kichwa, taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Shanga zilikuwa zimekaa vizuri ajabu, na mchumba wangu alikuwa amerudi kwao na aibu.

Basi asubuhi hii ya pili, hata kabla sijafungua macho vizuri, nilisikia sauti kutoka kitanda cha pili.

"Umeamka?"

"Nimeamka."

"Miguu iko chini?"

"Iko chini."

"Cherehani je?"

"Iko Ruiru, na ufunguo wa duka uko kwa mkoba wako."

"Basi leo tunaolewa," akasema Nekesa, akavuta blanketi.

Huyo Nekesa ni mwalimu wa chekechea pale Ruiru. Alikuja kwangu kama mteja. Nilimshonea sketi nzuri sana, ila niliipeleka wiki moja baada ya sherehe aliyoitakia. Mteja mwingine angenitukana. Yeye aliketi kwenye benchi akanitazama nikitafuta makasi yaliyokuwa yananing'inia shingoni mwangu, kisha akasema, "Wamboi, umewahi kuonwa na daktari?"

"Kwani nimekonda?"

"Si mwili. Hivyo vitu unafanya, hata mimi navifanya. Kwangu vina jina."

Akanipeleka Thika kwa Daktari Dhwani, mwanamke mdogo mwenye sauti ya pole pole, daktari wa mambo ya akili. Nilienda baada ya ile siku ya aibu, kwa sababu nilikuwa nimefika mwisho. Daktari aliniuliza maswali mpaka nikachoka, halafu akataka mtu aliyenijua nikiwa mdogo. Nikarudi na mama.

"Mama, walimu walikuwa wakisema nini juu yake?" daktari akamwuliza.

"Ati ana akili, lakini haketi," mama akasema. "Ukimtuma maziwa anarudi na paka. Nilimchapa, daktari. Kila muhula alikuwa anapoteza sweta, na mimi namchapa."

Daktari akanigeukia. "Wamboi, wewe si mvivu. Na huna madharau. Hii inaitwa ADHD, na umezaliwa nayo. Ubongo wako ukishika kitu unakishika kwa nguvu zote na kuachilia kila kingine. Siku nyingine haushiki chochote. Si wewe unayechagua."

Nililia, jamani. Sikulia kwa huzuni. Nilimlilia yule msichana mdogo wa sweta, aliyeapa kila muhula kwamba safari hii atakuwa mtu mzuri.

"Inapona?" mama akauliza.

"Haitoki kama homa. Lakini inasaidika. Kuna dawa, kuna mbinu, na kuna watu. Usimwache akapigana peke yake."

Hao watu nao Nekesa alikuwa nao tayari. Kila Jumamosi mchana tunakutana Ruiru, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mabomba la Nilesh, mwanaume mwenye ndevu za mvi anayevaa funguo zake shingoni kama kengele ya mbuzi. Kila mtu huja na kazi aliyoikimbia wiki nzima, tunaketi pamoja, tunafanya. Mwenzako akiwa kando, kichwa hakitoroki sana. Siku ya kwanza niliposikia watu wazima wakisimulia, huyu ameacha gari likinguruma, yule amepotea kwenye mtaa wake mwenyewe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilidhani niko peke yangu dunia nzima, kumbe tunajaza chumba.

Lakini kulikuwa na Mbuvi.

Mbuvi ni fundi wa stima. Ana mikono mikubwa inayoshika waya mdogo kama inashika kifaranga, na macho ambayo akikutazama unakumbuka hujapaka mafuta miguuni. Baada ya ile siku hakupokea simu zangu. Kisha jioni moja akasimama kwenye mlango wa duka.

"Niaje," akasema.

Niaje! Mwanaume anayeniita kiroho changu, leo ananiambia niaje kama makanga wa matatu.

"Poa," nikamjibu.

"Mama anasema unatudharau."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilikaa kwenu nikiangalia mlango, Wamboi. Kila mtu akiingia nainua kichwa. Chai ikapoa kwa mkono. Ndiyo hiyo nasema."

Afadhali angenizaba kofi. Nilizima cherehani, nikakaa kwenye benchi, nikamwambia kila kitu. Daktari, jina lenyewe, sweta, chumba cha Nilesh. Nilimwambia nikitazama sakafu, kwa sababu nilijua nikiinua macho nitaona mtu anayeondoka.

Halafu akasema, "Kwa hivyo ile siku uliniacha kwa stendi Thika nikinyeshewa..."

"Ndiyo."

"Na ile siku uliunguza githeri ukinishonea shati."

"Ndiyo, Mbuvi."

"Shati lilikuwa poa lakini."

Nikainua macho. Alikuwa anatabasamu upande mmoja, lile tabasamu lake la kuniumiza.

"Siwezi kukuahidi kwamba sitasahau tena," nikamwambia. "Nitasahau. Lakini sitaki nikisahau ufikiri sikupendi. Nakupenda mpaka najikasirikia."

Alikuja akaketi karibu nami, bega kwa bega.

"Ukizama kwa kazi, mtu akikuita husikii?"

"Sisikii."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Hata nikisema naenda zangu, nakuacha?"

"Mbuvi, hata ukienda. Nitasikia sindano tu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesoma waya zilizoshikana kwenye ukuta. Nikamwambia, "Wewe si ni fundi wa stima? Nifanyie kitu." Kesho yake akaja na ngazi. Akaniwekea taa nyekundu juu ya cherehani. Wakati niliopanga ukifika, taa inawaka na cherehani inazima yenyewe. Siku ya kwanza ilipozima nikiwa katikati ya mkono wa koti, niliitukana hiyo taa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Kisha nikatazama nje, nikaona bado ni mchana, na kwa mara ya kwanza nikafika mahali kabla sijaulizwa niko wapi.

"Mama amekubali turudi kwenu," akaniambia siku aliyokuja kuniletea hizo habari, akinishika vidole. "Mara moja tu, Wamboi. Mara moja."

Basi ndiyo hii siku sasa. Asubuhi hii, dadake baba yangu, Tata Wanja, aliingia chumbani na kitambaa kichwani na mpango mkononi.

"Tumekubaliana," akasema. "Wakiuliza ile mara ya kwanza ulikuwa wapi, tunasema ulikuwa umelazwa. Tumbo."

"Tata, sikuwa nimelazwa."

"Kwani watapima?"

"Mbuvi anajua ukweli."

"Mbuvi ni mwanaume anayependa, huyo hana masikio. Ni mamake tunaongea naye. Ukiwaambia ni mambo ya kichwa, watasema tunawauzia msichana mbovu. Nyamaza, vaa, ukae ndani. Mchumba haonekani mpaka aitwe."

Alipotoka, Nekesa alinitazama. "Utanyamaza?"

"Nitajaribu."

"Wewe? Haya basi."

Wageni walifika wakaimbiwa langoni, wakajibu kwa wimbo wa Kikamba uliowashinda shangazi zangu wote kwa sauti, wakafunguliwa. Nilikuwa nyuma ya pazia la dirisha. Nilimwona Mbuvi akiingia na suti ya kijivu, anatazama mlango wa nyumba, anatazama chini, anatazama mlango tena. Moyo ulinikatika. Nyuma yake alikuwa mamake, Mama Mbuvi, mwanamke mrefu aliyenyooka, mkoba mweusi umebanwa kwapani.

Walipoketi hemani, kabla hata sahani hazijafunuliwa, Mzee Kyengo alisimama. Huyo ni ami yake Mbuvi na ndiye msemaji wao.

"Tumefurahi kukaribishwa," akasema. "Lakini chakula hakitashuka kabla ya neno moja. Tulikuja hapa hatukumwona mtoto. Tungependa kujua alikuwa wapi, ndiyo tuanze na roho safi."

Baba yangu, Mzee Zacharia, si mtu wa maneno mengi. Alikohoa tu. Tata Wanja akasimama haraka.

"Wageni wetu, poleni sana. Yule mtoto, woiye, alikuwa mgonjwa. Tumbo lilimshika asubuhi hiyo hiyo tukamkimbiza..."

Sijui hata nilipitaje mlangoni. Nekesa anasema alinishika nguo ikamponyoka. Nilijikuta nimesimama katikati ya hema, kichwa hakijafungwa, watu wote wamegeuka, na wazee wa Kikuyu wameacha midomo wazi, kwa sababu hakuna mchumba amewahi kutoka nje hivyo tangu dunia iwe dunia.

"Sikuwa na tumbo," nikasema.

"Ngai wakwa!" Tata Wanja akamwita Mungu akishika kichwa.

"Samahani, tata. Wazazi wangu, wageni wetu, nilikuwa dukani nikishona. Nilianza asubuhi nikidhani ni kidogo tu, na nilipoamka kwa hiyo kazi mlikuwa mmeenda. Si madharau. Nimeenda kwa daktari nikaambiwa nina kitu kinaitwa ADHD, nimezaliwa nacho. Kichwa changu kikishika kitu hakiachi, na kikiachilia hakishiki. Natumia dawa, nina kikundi, nina mtu wa kunikumbusha. Mlikaa hapa mkiningoja, na mimi nawaomba msamaha. Lakini siwezi kuingia kwenu kwa mlango wa uongo."

Kuku mmoja akapita kati ya viti bila wasiwasi wowote.

Mama Mbuvi aliweka mkoba wake chini. "Kwa hivyo ni kichwa."

"Ni kichwa, mama. Ndicho hiki tu ninacho."

"Na ukizaa? Utashona, mtoto wetu ameachwa kwa karai la maji?"

Neno hilo liliingia hadi kwenye mfupa. Nilimwona Mbuvi akianza kuinuka, nikamwashiria aketi. Hilo lilikuwa langu.

"Hilo swali nilijiuliza kabla yako, mama, na liliniogopesha kuliko linavyokuogopesha wewe. Ndiyo maana nikaenda kwa daktari, sikungoja kitu kibaya kitokee. Siwezi kukuambia kichwa hiki kitabadilika. Naweza kukuambia sitakificha, na nitaomba msaada kabla sufuria haijaungua. Nikiwa kwenu nitakuomba hata wewe."

Aliniangalia muda mrefu. Nilidhani macho yake yatalainika. Wapi!

"Mama," Mbuvi akasema, sasa amesimama, "mimi namjua huyu msichana."

"Unajua sura."

"Namjua. Nilijua hivyo vitu vyake kabla vipewe jina. Niliposikia jina nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba hanipendi. Sasa najua ananipenda na anasahau. Hiyo naweza kuishi nayo. Ile nyingine singeweza."

Hapo kina mama wa kwetu walitoa sauti, aaai, na hata shangazi mmoja wa Kikamba akafuta jicho. Mama Mbuvi peke yake ndiye hakutikisika.

"Haya," akasema. "Nimesikia huku Kikuyu mnafunika wasichana leso, kijana anachagua wake. Akikosea anatozwa faini. Si ni hivyo?"

"Ni hivyo," baba akajibu.

"Basi leo hakuna faini. Wewe Mbuvi si unasema unamjua? Afunikwe. Akimkosa, twende nyumbani."

Hema ikalipuka. Mzee Kyengo alimwinamia Mama Mbuvi, akamwita kwa jina lake. "Kavindu, hiyo ni mchezo tu ya kuchangamsha watu. Usiifanye kesi."

"Mimi mchezo wao siujui. Mimi najua ile siku nilirudi Ngoingwa na leso niliyokuwa nimemletea, nikaiweka kwa kabati, nikaona aibu hata kuitazama."

Mzee Kyengo akarudi kitini.

Nilirudishwa ndani. Tata Wanja alikuwa amewaka moto. Nilidhani ananikasirikia mimi, kumbe alikuwa amegeuka kabisa.

"Ati akimkosa waende? Waende! Msichana wetu amesimama akasema ukweli mbele ya wanaume, na bado anapimwa? Wasichana, vueni viatu. Kila mtu na leso kutoka kichwa hadi magotini. Na mnajua vile Wamboi hatulizi miguu? Wote mtikise! Kama anamjua, amjue."

"Tata, tafadhali," nikasema, "hii si mchezo tena. Nitampoteza."

"Kijana anayekupoteza kwa leso atakupoteza kwa vitu vidogo zaidi."

Mabinamu zangu walianza kutikisa miguu hapo hapo, wakicheka, wakirusha magoti kama mimi nikingoja chai. Nekesa alinibana mkono. "Wewe tikisa pia, lakini vile unatikisa wewe. Atakujua tu." Kisha akanishika mkono hadi tukapangwa, naye akaenda kusimama na watu.

Nilifunikwa. Leso ya Tata ilikuwa nzito, ya kale, inanuka sanduku. Tukaongozwa nje, nyasi baridi chini ya nyayo. Nikasikia vicheko, nikajua miguu yote imeanza. Nikatikisa wangu. Nikasikia viatu vya Mbuvi vikija polepole tangu mwanzo wa mstari. Niliomba, Mungu wangu, mpe macho.

Ndipo nikaona uzi.

Ulikuwa kwenye pindo la ile leso, karibu na mkono wangu. Mtu alikuwa amepinda vibaya, mishono mikubwa mikubwa, na kipande cha pindo kimefumuka kinaning'inia. Haiwezekani mtu atembee na kitu kama hicho. Mimi huwa na sindano yenye uzi ndani ya kola, kila siku, hata kanisani. Nikasema nikishike tu kisizidi kufumuka. Kidogo tu.

Kisha mwangaza ukanipiga machoni.

Leso ilikuwa imeinuliwa, na mbele yangu alikuwa Mbuvi, karibu kabisa, machozi yanamtiririka na anacheka. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na uzi mdomoni. Watu wote walikuwa wamesimama juu ya viti.

"Tumefika wapi?" nikauliza.

Hema nzima ilianguka kwa kicheko. Mzee Kyengo alijishikilia kwenye nguzo. Hata baba yangu, ambaye sijui kama nimewahi kuona meno yake ya nyuma, aliyaonyesha yote.

Ni Nekesa aliyenisimulia pale pale. Mbuvi alitembea mstari mzima mara ya kwanza, akaona kila mguu unatikisika, akakwama. Akarudi tena. Jasho likamtoka. Mamake akautazama mkoba wake. Safari ya tatu aliona mguu mmoja ambao ulikuwa umetulia tuli, kama mguu wa kiti, lakini hakuwa na hakika, maana pengine ni binamu aliyechoka. Akasimama katikati, akageukia watu, akasema kwa sauti ya juu, na uso wa msiba, "Nimeshindwa. Mama, chukua mkoba. Namwacha, twende nyumbani."

Mabinamu wote waliruka. Mmoja alipiga mayowe, mwingine akavua leso kabisa akasema, "Wee, usiende!" Mama yangu alianza kulia. Katika mstari wote ni mmoja tu ambaye hakushtuka hata kidogo. Chini ya leso yake, kiwiko kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, pole pole.

"Huyu hapa," Mbuvi akasema. "Wengine wote wamenisikia."

Ninapoandika haya bado napata kicheko na machozi kwa pamoja. Maisha yangu yote nimeambiwa husikii, husikii, husikii, na siku moja mwanaume aliniona kwa hilo hilo la kutosikia. Na alinitazama pale kama mtu aliyepata pete chini ya maji.

"Ulinitisha?" nikamwuliza kwa sauti ndogo.

"Nilijitisha mwenyewe zaidi. Ungeshtuka ningekufa."

Watu wakapisha. Mama Mbuvi alikuwa anakuja, mrefu, amenyooka. Alifika akaichukua ile leso ya Tata, akaigeuza upande wa ndani, akapitisha kidole gumba juu ya mishono yangu.

"Umeshona hii ukiwa umefunikwa?"

"Ilikuwa imefumuka, mama."

"Bila kuona."

"Nilikuwa naona kidogo."

Akapitisha kidole tena. Midomo yake ilianza kucheza. Akajizuia. Akashindwa. Alicheka kicheko ambacho sikutarajia kutoka kwa mwanamke huyo, kikubwa, cha tumboni, akanishika bega ili asianguke.

"Mbuvi alisema naenda, na wewe unapinda leso!"

"Samahani."

"Usiombe tena. Umeomba yatosha." Alijifuta macho, akafungua ule mkoba mweusi. Ndani kulikuwa na leso ya kijani na njano, mpya, imekunjwa vizuri. "Ndiyo ile. Nilikuja nayo, lakini nilikuwa nimeapa haitoki kwa mkoba."

Alinifunga mabegani mwenyewe. Mikono yake ilikuwa na joto.

"Haijapindwa," akasema. "Sikuipeleka kwa fundi. Nilisikia fundi ni wewe."

"Lete nipinde sasa hivi," nikasema, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshika sindano.

"HAPANA!" Watu wote kwa pamoja. Nekesa, mama, Tata Wanja, Mbuvi, hata mabinamu. Nekesa alininyang'anya ile sindano mbele ya wazee.

"Utaipinda kwangu," Mama Mbuvi akasema akicheka. "Nitaketi kando yako mpaka imalizike. Si ndivyo mnavyofanya huko kwenu Jumamosi? Mbuvi ameniambia. Mtu anaketi tu kando?"

"Anaketi tu kando, mama."

"Hiyo naweza. Kuketi si kazi."

Ndipo baba yangu akasimama. Akavua kofia. Mila yetu inamtaka aulize mbele ya mashahidi, na hakuna kitu kinachopokelewa kabla msichana hajajibu. Kelele ikatulia polepole, hadi nikawa nasikia moto wa jikoni ukipasua kuni. Mbuvi alikuwa upande mmoja wangu, mamake upande wa pili, na mikono yangu, kwa mara moja, haikuwa na kitu cha kushika.

"Wamboi, mtoto wangu," baba akasema, "watu hawa wamekuja mara mbili. Unawajua? Tupokee walichokileta?"

Nililisikia swali lote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

"Nawajua, baba," nikasema. "Na wao wananijua. Pokea."